Noti Mbili Zilizotazamana

Jioni hiyo Hashim alivuka feri akiwa hoi bin taaban. Si uchovu wa kuomba kiti. Uchovu wa kutaka kulala palepale sakafuni, watu wamruke na mikokoteni impite. Tangu saa moja asubuhi alikuwa Changamwe, kwenye yadi ya makontena, akishusha magunia ya mchele. Mabega yalimwaka moto. Goti la kulia lilikuwa likilia kama bawaba ya mlango uliokosa mafuta.

Lakini hakwenda kwake Timbwani kulala. Alikunja njia ya Bofu, kwa miguu, kufuata kipande cha karatasi.

Usimcheke kwanza. Hashim aliacha shule kidato cha pili, na bado ukikaa naye dakika tano atakusomesha. Alikusanya noti za zamani. Za Kenya hakuzitaka; hizo, alisema, kila mzee anazo chini ya godoro. Yeye alikusanya za Bhutan, ufalme mdogo ulioning'inia milimani kati ya India na Uchina, ambao noti zake wenyewe zilianza kutoka mwaka wa sabini na nne. Pesa yao yaitwa ngultrum. Jaribu kulitamka jina hilo mdomo ukiwa na mandazi.

Ilianza siku moja akifagia kontena tupu lililotoka Kalikata, India. Karatasi ilikuwa imekwama kwenye ubao. Akadhani ni lebo ya chai. Alipoigeuza akaona maandishi yamejikunja kama moshi, na chini yake Kiingereza: Serikali ya Kifalme. Tangu siku hiyo akawa mgonjwa wa noti.

"Yakhe, hizo zanunua hata kachri za viazi?" Mbarak, mwenzake wa yadini, alimuuliza.

"Zanunua heshima. Wewe kula kachri zako, nyamaza."

Katika zile za kwanza kabisa alibakisha moja tu: ngultrum moja, ya buluu, yenye majoka mawili. Si ghali kuzishinda zote, lakini ndiyo iliyokuwa ikimkimbia. Mara ya kwanza mtu alimtumia fotokopi ya rangi. Mara ya pili iliuzwa kwenye mnada wa simu yeye akiwa amelala na viatu. Na kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa ametangaza kwenye kundi la wakusanyaji kwamba Ijumaa, Ijumaa hii, ataweka picha ya seti nzima.

Ndipo Mbarak akasema, huku akijikuna shingo, "Hii ya majoka… kwetu Bofu bibi yangu anayo. Imo mkebeni. Dada yangu Wardah atakuonyesha."

Alipofika, adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha zamani kidogo. Wardah alikuwa barazani akiipua karai la viazi. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mtandio umekazwa, macho ya mtu asiyedanganywa chenji.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu. Ndiwe mwenye wazimu wa noti?"

"Ndimi mwenye elimu."

"Mbarak alinambia u mrefu."

"Nimechoka, dada. Nikichoka hupungua."

Akacheka, akamfungulia mlango.

Ndani mlikuwa na meza, kiti kimoja, na pazia. Nyuma ya pazia kitanda. Hashim aliinamisha kichwa kuelekea huko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuja polepole, kama iliyopandishwa kutoka kisimani. "Huyo ndiye?"

"Ndiye, bibi," Wardah alijibu. Kisha akamnong'oneza Hashim, "Bi Mwanasaumu hatembei. Miguu ilikwisha kazi zamani, nami sijazaliwa. Na moyo pia. Daktari asema hata ngazi tatu usingezivumilia."

Akateremsha mkebe wa biskuti kutoka juu ya kabati. Ndani mlikuwa na kitambaa cha kaniki kinachonuka ubani. Akakifungua.

Hashim alimeza mate.

Haikuwa noti moja. Zilikuwa mbili. Ngultrum moja na ngultrum moja, zimelazwa uso kwa uso, majoka kwa majoka, na katikati zimechomwa pini. Pini ya kawaida, ile ya mafundi wa cherehani. Ilikuwa imeota kutu, na kutu ilikuwa imeanza kutambaa kwenye karatasi, rangi ya chai iliyomwagika.

Alijifanya hakuona kitu cha ajabu. Ndivyo wanunuzi hufanya. Akawasha tochi ya simu, akazimulika pembeni. Hazikuwa na mkunjo hata mmoja. Karatasi bado inakwaruza kidoleni. Noti mbichi kabisa, na pini imezichoma tumboni!

"Bibi ameridhia ziondoke?"

"Ameridhia. Asema amechoka kuzilinda. Ila kasema ziende vivyo hivyo zilivyo. Pini isitolewe."

"Kwa nini?"

"Wewe ushamuuliza mtu mzima kwa nini, ukajibiwa?"

Hashim akacheka. Akaanza somo. Kwamba pini ni adui. Kwamba kutu haiishi, hula kila siku, na mvuke huu wa Likoni ndio kabisa, mwaka mmoja tu utabaki na tundu la kupitisha kidole. Kwamba mkusanyaji yeyote, awe wa Mombasa awe wa Ulaya, akishika noti yenye pini jambo la kwanza ni kuitoa. La kwanza, dada. Kabla hata ya kuketi.

"Mimi nimeambiwa nikwambie," Wardah alisema. "Nimekwambia."

Akatoka kwenda kuzima makaa.

Hashim akabaki na noti. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa magunia, lakini kwa kazi hii vilikuwa vyepesi kama vya kinyozi. Akashika kichwa cha pini. Akavuta taratibu… ikakataa. Akaizungusha kidogo. Akavuta tena.

Ikatoka.

Hssss…

Kama mtu aliyezuia pumzi muda mrefu.

Akageuka. Hakuna mtu. Pazia limetulia. Lakini chumba kilikuwa kimebadilika harufu. Ubani uliondoka. Ikaja harufu ya majani mabichi yanayoungua, na samli iliyochacha, na sufi iliyolowa mvua. Hashim akafungua mdomo amwite Wardah.

Mdomoni mwake ukatoka moshi.

Alitazama ule moshi. Likoni, mwezi wa pili, watu wanalala nje kwa joto… naye anatoa moshi mdomoni kama birika.

Nyuma ya pazia kitanda kililia.

Kwii.

Kisha mguu. Du.

Kisha wa pili. Du.

"Wardah," alinong'ona. "Wardah, ndoo hapa upesi."

Pazia lilisukumwa na kichwa. Bi Mwanasaumu alitoka akitembea. Hakushika ukuta, hakushika chochote. Miguu yake, mizito kama mito iliyoshindiliwa pamba, ilikuwa ikiinuka juu mpaka goti likakaribia kifua, inashuka, inainuka. Kama mtu apandaye ngazi. Lakini ngazi hapakuwa. Na mgongo umeinama mbele, shingo imekazwa, kidevu kifuani.

Hashim aliujua mkao ule. Alikuwa ametoka kwenye mkao ule saa mbili tu zilizopita. Ndio mkao wa mtu aliyebeba.

Mgongoni mwa bibi hapakuwa na kitu.

Wardah aliingia na koleo mkononi. Akamtazama bibi. Akatazama meza.

"Umeitoa!"

"Nimeitoa kidogo."

"Pini hutolewa kidogo vipi, we Hashim?"

Bibi alikifikia kiti. Akakipanda. Kutoka kwenye kiti akaipanda meza, mkebe ukaanguka chini, kra! Wardah akamkumbatia miguu, akaiachia papo hapo, akajipuliza viganja.

"Baridi… yuwaunguza!"

Juu ya meza bibi aliendelea kupanda palepale. Mguu juu, mguu chini. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Kifuani mwake mlikuwa mkisikika kitu kikigonga bila mpango. Macho yalikuwa wazi, na machoni hamkuwa na ukali wala wazimu. Mlikuwa na uchovu tu. Uchovu ambao Hashim, pamoja na magunia yake yote, hakuwahi kuuona kwa mtu aliye hai.

"Bado?" bibi alinong'ona. "Bado… mbali?"

Halikuwa swali la kumuuliza Hashim. Lakini hapakuwa na mwingine wa kulijibu.

"Irudishe!" Wardah alilia. "Moyo utampasuka, irudishe!"

Hashim akazipanga noti, uso kwa uso. Akaisukuma pini kwenye tundu lake lilelile. Tik. Ikakatika vipande viwili, kutu tupu. Wardah akachomoa pini ya mtandio wake, mpya, inang'aa. Hashim akaichoma kwenye karatasi.

Haikuingia.

Akaikandamiza kwa nguvu zote za mbeba magunia. Pini ikajikunja juu ya karatasi kama imechomwa kwenye chuma.

Juu ya meza goti la bibi lilitoa sauti mbaya. Hakuacha.

"Ahadi," Wardah alisema, meno yakigongana. "Mama alikuwa akisema… fundi wa pepo aliyeichoma aliwaambia, siku itakapotoka, mwenye kuitoa ndiye atakayeulizwa ahadi. Muulize ataka nini! Muulize wewe, mimi hatanijibu!"

"Wataka nini?" Hashim alipiga kelele, lakini sauti ilitoka nyembamba.

Miguu ya bibi ikasimama.

Polepole, shingo ileile iliyokazwa, akamgeukia.

"Kwetu."

Ndipo Hashim akafanya alichozoea kufanya maisha yake yote. Alisema kubwa, akasema haraka, akasema kabla ya kupima.

"Nitakupeleka! Wallahi nitakupeleka mpaka mlangoni. Mwache bibi."

Moshi wa mdomoni ukakatika. Joto la Likoni likarudi chumbani kwa mkupuo, kama mtu aliyefungua tanuri. Bi Mwanasaumu akalegea, na wote wawili wakamdaka, wakamteremsha, wakamlaza kitandani. Mwili wake ulikuwa mwepesi. Mwepesi mno. Kile kilichokuwa kikigonga kifuani kikapungua, kikapata mpango, kikatulia. Rangi ikamrudia midomoni.

Alifumbua macho.

"Mwanangu. Umemwambia kwa mdomo wako?"

"Ndiyo, bibi."

"Na jina la Mungu ukalitaja?"

Hashim aliitikia kwa kichwa.

"Haya," bibi alisema. "Pole."

Akamweleza, kwa kituo, huku Wardah akimkanda miguu. Marehemu mumewe, Habib, alikuwa mpishi wa meli. Kalikata, nje ya lango la bandari, alikuta mtu anayekufa kwa homa. Mpagazi, ameshuka kutoka milimani na mizigo ya watu, akashindwa kurudi. Mfukoni alikuwa na noti mbili mpya za kwao. Akampa Habib. Kwa ishara akamwambia: hizi nauli, nifikishe kwetu. Habib akaitikia kwa kichwa, maana mtu anayekufa humkatalii. Usiku ule meli ikang'oa nanga.

"Akaja nazo noti, na mwenyewe, yule mpagazi, akaja juu yake," bibi alisema. "Habib akafa mapema, akapumzika. Mpagazi akanipanda mimi. Tukapungwa. Wajua kila pepo ana kabila lake, na kila kabila lina ngoma yake na chano chake cha sadaka. Wa Kiarabu akaitwa kwa marashi, wa Kihabeshi kwa kahawa, wa Kinyika kwa ngoma zao. Huyu hakuitikia. Hana kabila hapa pwani. Hana wimbo mtu anaoujua. Akawa yuwapanda tu. Usiku kucha. Akatafuta mlima Bofu hii, mwanangu… mlima Bofu hakuna."

"Ndipo mkachoma pini."

"Fundi akasema, tuyafanye majoka yatazamane yenyewe kwa yenyewe, yasimtazame mtu. Akajipumzisha hapo. Nami hapo." Akafumba macho. "Sasa niache nilale."

Akageukia ukuta. Alilala kama mzigo uliotuliwa chini.

Hashim akaingiza mkono mfukoni. Wardah akamzuia.

"Sitaki kitu. Zichukue, utoke nazo."

Kutoka Bofu kuja Timbwani njia hushuka. Kila mtu wa Likoni aijua. Watoto huteremka na tairi. Usiku ule Hashim aliipanda. Kila hatua ilikuwa juu ya ile iliyopita. Alisimama mara nne kuvuta pumzi, kwenye ufuko wa bahari, mahali ambapo hewa ni nzito hadi yashikika. Watu walimpita wakizungumza. Hakuna aliyeona mlima.

Ijumaa aliweka picha. Seti nzima. Kundi lilimsifu, mmoja akamwita profesa. Hashim alisoma sifa zote akiwa ameegemea ukuta, kisha simu ikamwanguka mkononi kwa usingizi.

Usingizi wenyewe haukuwa usingizi. Kila alipolala alipanda. Hakuona chochote katika ndoto, alisikia tu mawe yakiviringika chini ya nyayo zake, na upepo, na pumzi ya mtu karibu na sikio. Aliamka nyama za miguu zimekaza kama kamba. Alijaribu pini kumi za aina kumi. Zilijikunja zote. Alirudi Bofu, Wardah akazungumza naye dirishani bila kufungua.

"Si noti tena hizo, Hashim. Hata ukizichoma moto. Neno ulilitoa wewe."

"Bibi je?"

"Yuwalala. Asubuhi anakaa mlangoni yuwacheka na majirani. Sijawahi kumuona hivyo tangu nizaliwe." Kisha, kwa sauti ya chini, "Nakuombea."

Alitafuta kwenye simu safari ya Bhutan. Alipoona nauli, akaizima simu.

Siku ya kumi na moja Mbarak alimkuta yadini juu ya kontena la tano, matano yamepangwa moja juu ya jingine, hakuna aliyejua amepandaje. Alikuwa amesimama pembeni kabisa, anainua mguu kukanyaga hewa. Mbarak alimshika mkanda. Hakumtania hata kidogo. Akampeleka zahanati, kwenye mtaa wa nyuma, saa nne ya asubuhi, jua linachoma.

Nesi alikuwa mwanamke wa bara, Emmaculate, mnene, mcheshi.

"Kijana mzima hivi, unatembezwa kama bwana harusi? Vua viatu."

Hashim akavua. Emmaculate akaacha kucheka.

Ncha za vidole vya miguu zilikuwa nyeusi.

"Umetoka wapi wewe?"

"Timbwani."

"Nakuuliza umetoka wapi." Alikibonyeza kidole kimoja. Hashim hakusikia kitu. "Hii ni baridi. Mtu ameungua na baridi. Kwetu Nanyuki nimeviona hivi kwa wapagazi wanaoshuka mlimani. Hapa… kwa miaka sita sijaviona."

Mbarak alisogea mlangoni.

Emmaculate akamsogezea taa usoni, akamgusa paji la uso. Palikuwa na mstari, upana wa vidole viwili, umebonyea kutoka sikio hadi sikio. Hashim hakuwa na habari nao.

"Unabeba nini kazini?"

"Mchele."

"Mchele hubebwa begani. Hii ni alama ya ukamba wa kichwani. Nyanya yangu alikuwa nayo, kwa kuni za miaka arobaini." Akaitazama kadi ya Hashim ya mwaka uliopita. "Kilo sitini na tatu. Na umekonda. Panda mzani."

Akapanda.

Emmaculate akatazama namba. Akamwambia ashuke. Akapanda yeye mwenyewe, akashuka, akaitikia kwa kichwa kwamba mzani ni mzima.

"Panda tena."

Kilo mia moja na kumi na tisa.

Nje mtu alikuwa akinadi maji ya madafu. Hashim alisimama juu ya mzani, mgongo umeinama wenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na maneno makubwa. Alitaka jambo moja tu. Kutua.

"Dada," alisema. "Huko kwenu mlimani… theluji iko?"

"Iko. Juu kabisa."

"Basi la kwanza huondoka saa ngapi?"

Emmaculate alikuwa amegeuza kichwa upande, sikio limekazwa, kama mtu anayesikiliza jirani nyuma ya ukuta. Kalamu ilikuwa imemtoka mkononi.

"Umesema nini?"

"Nimeuliza basi."

"Hapana. Baada ya hapo."

Hashim hakuwa amefungua mdomo. Mbarak alikuwa amekwisha toka nje. Shingoni mwa Hashim, pale ukosini, kitu cha baridi kilijiweka vizuri zaidi, kama mtoto anayetafuta mahali pa kulaza kichwa mgongoni mwa mamaye. Na sauti ikarudia. Sauti ya upole, iliyochoka kumshinda yeye.

"Si huko."